Ngumi Isiyo na Ugomvi

Ijumaa, 30 Agosti

Dhoruba ya Santa Rosa imekuja kama inavyokuja kila mwisho wa Agosti. Imeng'oa bango la duka la dawa na kulilaza mbele ya karakana yetu. Mjomba Osvaldo akatoka na mwavuli, akalitazama, akasema, "Hilo si letu," akarudi ndani. Huyo ndiye mjomba wangu.

Naanza daftari hili kwa sababu moja tu: nataka pawe na ushahidi. Mimi Dardo Baigorria, miaka kumi na tisa, fundi wa makochi wa mtaa wa Villa Crespo, mwenye mkono mwepesi kuliko fundi yeyote kuanzia hapa hadi reli (asiyeamini alete kiti chake), nitakuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza uchambuzi wa nafsi, yale maongezi ya kila wiki na mchambuzi. Nimesema kumaliza, sikusema kuacha. Mama yangu ana miaka ishirini na miwili kwa mchambuzi wake wa nafsi, kila Alhamisi, na bado anasema, "Ndiyo kwanza tunafika kwa bibi." Mjomba alikwenda miaka tisa, mchambuzi wake akafa, yeye akahesabu hiyo ni sare. Katika jiji hili mtu asiye na mchambuzi anatazamwa kama mtu asiye na meno ya mbele.

Ugonjwa wangu ni huu. Tangu Februari mkono wangu wa kulia unajifunga. Nimeshika nyundo, misumari iko mdomoni, mjomba amesimama nyuma yangu anaangalia kazi, na ghafla vidole vinakunjika ngumi, basi. Dakika tano, dakika saba, havifunguki hata kwa koleo. Hauumi. Hospitali walinichoma sindano za umeme kutoka kwapani hadi kidole gumba, wakasema mishipa ni mizima kama ya farasi, nenda kituo cha afya ukaongee na mtu. Basi tangu mwisho wa Machi naongea. Kila Jumanne saa kumi jioni, kwa Bi Raquel.

Na mkono huu nauhitaji. Tarehe pili Desemba mjomba anapasuliwa nyonga na atalala miezi mitatu. Amesema wazi: "Ama karakana inabaki na wewe, ama nashusha mlango wa chuma na kumrudishia mwenye nyumba funguo. Simwachii kazi fundi anayekimbilia chooni kila baada ya saa moja." Chooni ndiko ninakouficha mkono. Mjomba hajui. Anajua kwamba naenda kuongea, lakini hapa kwetu hakuna anayemuuliza mwenzake anaenda kwa ajili gani. Mama peke yake ndiye anajua, na nimemwapisha.

Wiki ya tatu sasa haujafunga. Nimepona. Kilichobaki ni kumjulisha Bi Raquel.

Jumanne, 3 Septemba

Kituo cha afya hakina kochi la kumlaza anayechambuliwa. Hili linaniuma kitaaluma. Mimi ninayewatengenezea makochi wachambuzi wa nusu ya jiji, ninayejua kwa kutazama kitambaa tu kama wagonjwa wa daktari fulani ni warefu, kama wanalia, kama wanalala na viatu (ndani ya mikunjo nimeokota pini za nywele, pipi za kikohozi, na safari moja jino la dhahabu), mimi mwenyewe nachambuliwa nikiwa juu ya kiti cha plastiki.

"Bi Raquel, nimekuja na habari njema. Nimepona."

"Hongera."

"Kwa hiyo tuandikiane cheti, kila mtu aendelee na maisha yake."

"Cheti cha nini?"

"Cha kumaliza."

Akaitazama kalenda ya ukutani. Kituo kinampa kila mgonjwa miezi minane, na yangu inakwisha Jumanne ya tarehe 26 Novemba. "Zimebaki Jumanne kumi na tatu, na hii ikiwemo," akasema.

"Wape wenye shida."

"Unawajua?"

"Akina nani?"

"Wenye shida."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasimama, akafungua mlango. Dakika kumi na nne! Ndiyo tabia yake, anakata maongezi pale pale unapotaka kutoa jibu zuri, unabaki nalo mdomoni mpaka wiki ijayo.

Nje, pale mapokezi, Yamila akaniona. Huyu ndiye anayeandika majina, na ulimi wake ungekata ngozi ya ng'ombe. "Leo mapema, bingwa. Umefukuzwa?"

"Nimemaliza kabla ya muda, kama watu wenye akili."

"Jumanne ijayo nimekuandika saa kumi."

"Futa."

"Nimetumia wino, bingwa."

Jumatano, 4 Septemba

Kiti cha kinyozi, springi mpya nane. Kazi safi mno. Nimejipongeza mwenyewe maana mjomba hapongezi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda. Ni kwa sababu ya adabu tu.

Jumanne, 17 Septemba

Nimemweleza Bi Raquel nadharia zangu tatu kuhusu chanzo cha mkono: (1) wivu kwa binamu aliyehitimu, (2) mwalimu aliyenipiga rula kabla sijaacha shule kidato cha tatu, (3) nguvu za kiume zilizozidi. Kuhusu ya tatu aliandika kitu. Najua mwanamke huyu ana jibu lote limekaa kwenye droo ya chini ya meza yake, ananiangalia tu nihangaike.

Jumamosi, 21 Septemba

Siku ya kwanza ya machipuko. Vijana wote wako bustanini na magitaa, miti ya barabarani inamwaga manyoya yake na jiji zima linapiga chafya. Mimi nilikuwa kazini, namalizia kiti cha uvivu cha daktari mmoja wa mtaa wa Palermo. Mjomba akaja na kibuyu chake kidogo cha chai ya kunyonya kwa mrija, akasimama nyuma yangu, akavuta mrija, akasema, "Mstari unakwenda kushoto."

Mkono ukafunga.

Nikaitupa nyundo kama mtu aliyeitupa kwa hiari, nikatema misumari, nikashika simu kwa mkono wa kushoto. "Halo? Naam? Nani amezimia?" Nikatoka nayo hadi kona ya barabara, naongea na simu iliyozimwa, ngumi iko mfukoni. Dakika tisa. Niliporudi mjomba alikuwa amenyoosha mstari wa misumari mwenyewe, amekaa kwenye ngazi, anakanda nyonga yake.

"Nani amezimia?"

"Rafiki."

"Amezinduka?"

"Amezinduka."

"Marafiki zako wanazimia sana," akasema.

Jumanne, 24 Septemba

Nimemwambia Bi Raquel mambo yote ni shwari.

Jumapili, 29 Septemba

Chakula cha mchana kwa mama, tambi za ravioli. Mama alikuwa anasimulia habari za Chela, rafiki yake wa kucheza karata. Chela kamaliza uchambuzi! Baada ya miaka kumi na tano! Aliota yuko stesheni na sanduku, treni inaondoka, yeye anapunga mkono, moyo mwepesi kama karatasi. Akampelekea mchambuzi wake ndoto hiyo, na mchambuzi akasema, "Chela, nadhani uko tayari."

"Hivyo tu?" nikauliza.

"Hivyo tu! Ndoto ya mwisho, mwanangu, kila mmoja ana yake. Mimi naota jikoni tu." Akafuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Mama alikuwa bado anamlilia Chela wakati mimi tayari nina sanduku mkononi.

Jumanne, 1 Oktoba

Naandika yote, maana leo limetokea jambo.

Niliitengeneza ndoto vizuri. Treni niliiacha kwa kuwa ni ya Chela. Nikaweka kituo cha mabasi cha Retiro, jukwaa, basi la ghorofa linalokwenda kusini, sanduku, jua la asubuhi. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo, na macho ya mtu aliyeguswa. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikaimwaga.

Bi Raquel akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ndani ya basi yuko nani?"

Swali hilo sikulifanyia mazoezi. "Baba," nikasema.

"Na wewe?"

"Nimesimama chini."

"Mikono iko wapi?"

"Mmoja ameushika mama. Mwingine nimeufumba."

"Una nini ndani?"

"Tiketi yake," nikasema.

Niapishwe kwa chochote, sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, kama msumari unaoutema bila kuutafuta kwa ulimi. Na lilikuwa jambo la kweli. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa anakwenda Comodoro Rivadavia, kusini kabisa, kwenye visima vya mafuta. Alisema ni miezi mitatu, na hakurudi tena. Pale Retiro aliiweka tiketi juu ya sanduku ili awashe sigara, nami nikaichukua nikaifumba. Nikafikiri, bila tiketi haendi. Wakaitafuta wote. Baba aligeuza mifuko nje, akamtukana mpiga debe, akafungua sanduku sakafuni mpaka soksi zikaonekana. Mjomba Osvaldo alikuwepo, alisimama nyuma yangu, nami nikajua ananitazama mkono. Basi likaondoka. Baba akakata tiketi nyingine ya basi la saa nane, akapanda na hasira zake bila kumbusu mtu. Mimi nilikwenda na ngumi ile mpaka nyumbani.

Nilikuwa nalikumbuka siku zote, lakini kama unavyokumbuka rangi ya mlango wa shule. Sikuwahi kuliweka karibu na mkono.

Nikaona bora niseme ukweli. "Bi Raquel, ndoto hii nimeitunga. Sikuota kitu."

"Nani aliyeitunga?"

"Mimi."

"Basi ni yako," akasema, akasimama.

Jumatano, 2 Oktoba

NIMEPATA! Miezi sita na siku chache! Mama kaniomba nimsimulie mara mbili, kisha akampigia Chela na kumsimulia yeye, nami nasikia: "Tiketi, Chela! Ndani ya ngumi! Mimi miaka ishirini na miwili sijapata kitu kizuri kama hicho!" Nimepita kituoni kumwambia Yamila kwamba sasa afute kweli kweli.

"Hata mtu aliyeng'olewa jino huambiwa arudi, bingwa."

Wivu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mahameli ya kijani. Haipatikani tena, kiwanda kilikufa kabla sijazaliwa. Mwenye kochi alituletea kipande kimoja alichokihifadhi miaka thelathini ndani ya karatasi, akakikabidhi kama mtoto mchanga.

Nilikuwa nakata. Nilikuwa najiamini kiasi kwamba nilipiga mluzi. Mjomba akasimama nyuma yangu. Ngumi ikajifunga na mkasi ndani yake, na mkasi ukafanya kazi yake ya mkasi. Sentimita arobaini, katikati kabisa.

Nikasema, "Mkasi una kutu."

Mjomba akauchukua kutoka kwenye ngumi yangu. Ilibidi auvute, na mimi nikajifanya nang'ang'ania kwa hasira. Akakata gazeti kutoka ukingo hadi ukingo, laini kama maji.

"Hauna kutu," akasema.

Alasiri nilimsikia anampigia simu mwenye nyumba.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemfokea Bi Raquel. Sijivunii, ila nilifoka vizuri.

"Nimekuletea siri! Siri nzima, na baba, na basi, na tiketi! Uko wapi mkono wangu?"

"Ulifikiri ni kubadilishana."

"Kila mtu anafikiri hivyo! Ndivyo inavyofanya kazi! Unapata kitu, unapona. Vinginevyo tunafanya nini hapa, tunakaa kwenye plastiki?"

"Sijui kama unapona," akasema.

Nimemwona amechoka. Ana viatu vilivyolalia upande mmoja. Sikuwahi kuvitazama. Nikaondoka mwenyewe. Safari hii mimi ndiye niliyekata.

Jumanne, 15 Oktoba

Sikwenda. Nimepigilia mikanda ya viti sita.

Jumanne, 22 Oktoba

Sikwenda. Saa kumi na robo Yamila akapiga simu.

"Bi Raquel yumo chumbani na mlango uko wazi," akasema. "Saa hii ni yako mpaka tarehe 26 Novemba, uwepo usiwepo. Nakwambia tu ujue kuna mtu amekaa."

"Asome gazeti."

"Hasomi. Amekaa tu." Safari hii hakuniita bingwa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mjomba amesema mwenye nyumba atakuja mwezi ujao kuangalia jengo. Sauti yake ilikuwa kama anatangaza hali ya hewa. Nikaona sasa nimtie aibu kidogo, nimwonyeshe kwamba najua anachokijua.

"Mjomba, unaikumbuka tiketi?"

"Tiketi gani?"

"Ya baba. Retiro. Uliniona nimeishika."

Akaweka kibuyu chini. "Retiro sikuwepo. Nani angefungua karakana? Ilikuwa Jumatatu."

"Ulikuwepo. Nyuma yangu."

"Dardo, siku ile nilikuwa nashona viti vya basi la shule, wewe na mama yako mkaja hapa baadaye mkala mkate na jibini. Ulikula mitatu."

Nikaenda mbio kwa mama. Mama akafikiri sana, akasema mvua ilikuwa inanyesha, tiketi ilisahaulika dirishani pale walipoikata, baba akarudi kuichukua, na alitubusu wote, hata dereva nusura ambusu. "Lakini yako ni nzuri zaidi, mwanangu," akasema. "Baki na yako."

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Mkono umefunga mara mbili, nikaenda chooni mara mbili. Choo kile nakijua kila kigae.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimerudi. Yamila akainua macho, akasema, "Kumi kamili," akanipa karatasi ya kufutia nywele maana nililoa.

Nikamweleza Bi Raquel: mjomba hakuwepo, mvua ilinyesha, baba alibusu. Kwamba mkono umekuwa unafunga tangu Septemba na nilikuwa namdanganya. Kwamba nimepasua mahameli. Nilisema mfululizo, bila mbwembwe. Halafu nikamuuliza, na safari hii nilitaka kujua kweli: "Kwa nini unafunga?"

Nilijua sasa atasimama. Hakusimama.

"Sijui," akasema. "Mwezi wa tano nilidhani najua. Mwezi wa kumi nikadhani tena. Sijui, Dardo."

Hakuna droo. Miezi yote hii, hakuna kitu kwenye ile droo ya chini! Ningepaswa kukasirika. Badala yake nikahisi kama mtu aliyekuwa amebeba kabati na mwenzake, kisha akagundua kwamba mwenzake naye anatokwa jasho.

"Sasa tuna nini?" nikauliza.

"Mkono unaofunga. Nani anaujua?"

"Wewe. Mama. Chela, kwa bahati mbaya."

"Mjomba wako?"

"Mjomba ndiye wa mwisho duniani kujua."

"Ndiyo," akasema, na hapo ndipo akasimama.

Jumanne, 5 Novemba

Mijakaranda imeanza kumwaga maua. Barabara ya kituoni ni zambarau yote, unateleza. Tuliongea kuhusu choo. Dakika arobaini kuhusu choo! Sijawahi kuwa na Jumanne ndefu hivyo.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimefanya.

Saa tano asubuhi, kiti cha mbao chenye mgongo wa duara, mjomba nyuma yangu, mrija unanguruma mwishoni mwa chai. Ukafunga. Miguu ilikuwa tayari inaelekea chooni, naapa, ilikuwa imekwisha kugeuka. Nikatema misumari kwenye kiganja cha kushoto.

"Mjomba, mkono umefunga."

"Umefunga nini?"

"Umejifunga. Angalia. Haufunguki. Tangu Februari."

Akausogelea. Akajaribu kuinua kidole cha shahada, kikagoma. Akajaribu kidole gumba. Akaugeuza mkono wangu kama anavyogeuza mguu wa meza kutafuta mahali palipolegea.

"Unauma?"

"Hapana."

"Unakaa muda gani?"

"Dakika saba. Tisa ikiwa mbaya."

Akatazama saa ya ukutani. Akavuta kigoda, akakaa, akajaza maji ya moto, akanipa kibuyu kwenye mkono wa kushoto. Tukakaa.

"Nilidhani unavuta," akasema.

"Kuvuta nini?"

"Nitajuaje wanachovuta siku hizi? Kila ulipoingia chooni nilikuwa nanusa koti lako."

"Na?"

"Linanuka gundi. Nikasema basi anavuta gundi."

Nikacheka hadi chai ikaingia puani. Yeye hakucheka, alikuwa anapapasa nyonga yake. "Hii ina miaka sita," akasema. "Nikikwambia naenda posta, huwa nakwenda kukaa kwenye benchi la kona. Sina barua yoyote mimi. Nani ataniandikia?"

Dakika ya nane ukafunguka. Mjomba akasimama kwa kushika ukuta, akanionyesha mgongo wa kiti. "Mstari unakwenda kushoto," akasema.

Na kweli ulikuwa unakwenda kushoto.

Jumatatu, 11 Novemba

Umefunga mara moja. Nimesema, "Umefunga," nikaendelea kupanga vitambaa kwa mkono wa kushoto. Mjomba akasema, "Sawa." Ni hivyo tu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemsimulia Bi Raquel. Kwenye habari ya gundi alicheka. Ana kicheko cha mtu mwingine kabisa, mnene.

Ijumaa, 15 Novemba

Mwenye nyumba amekuja na futi yake ya kupimia. Mjomba akamwambia siku ile alikosea namba, alikuwa anampigia fundi bomba. Mwenye nyumba akamtazama, akatutazama wote wawili, akaondoka na futi yake. Mjomba hakunigeukia, aliendelea kupiga pasi kitambaa. Nami nikainamia kiti changu, mimi Dardo Baigorria, ambaye sijawahi kukosa la kusema. Mwenye kochi la kijani amekubali ngozi nyeusi badala ya mahameli. Hajatusamehe, lakini amekubali. Nitaishona mwenyewe.

Jumapili, 17 Novemba

Mama amegundua kwamba kituoni kuna fomu ya kuongezewa miezi minne. Kaniwekea maharage ya siagi, kisha akanishambulia.

"Nani anaacha baada ya miezi minane? Miezi minane hujafika hata mlangoni! Na mkono bado unafunga!"

"Mara moja kwa wiki, mama."

"Mara moja kwa wiki ni mara hamsini kwa mwaka!"

"Wewe unakwenda mara hamsini kwa mwaka."

Akanitupia kipande cha mkate. Halafu akakaa, akasema taratibu, "Mimi naenda kwa sababu Alhamisi kuna mtu ananisubiri." Siku zote nilikuwa namcheka kwamba hamalizi. Sikuwahi kufikiri kwamba labda hatafuti kumaliza. Nikamwomba msamaha kimoyomoyo, nikala maharage yake yote.

Jumanne, 19 Novemba

Nilimuuliza Bi Raquel moja kwa moja. "Nijaze fomu au nisijaze?"

"Fomu iko kwa Yamila."

"Najua iko wapi. Wewe unasemaje?"

"Ningependa kusikia zaidi kuhusu baba yako," akasema. "Yeyote kati yao, wa mvua au wa jua. Kuna mambo hatukuyagusa kabisa. Hilo ni kweli. Na ni kweli pia kwamba unafanya kazi."

"Hilo si jibu."

"Hapana."

Nikatoka, nikaiomba fomu. Yamila akanipa na kalamu. Nikaichukua fomu hadi kwenye benchi chini ya jakaranda, nikaisoma yote, hata maandishi madogo. Kuna mahali pameandikwa Sababu ya kuendelea, mistari mitatu. Nikajaribu kufikiri cha kuandika. Mkono unafunga? Utafunga hata wakinipa miaka ishirini na miwili. Baba? Baba yupo kusini, ana simu, na mimi nina kidole, siku nikitaka nitapiga. Mistari mitatu ilikuwa mingi.

Nikairudisha tupu. Yamila akaitazama pande zote mbili. "Umesahau kujaza."

"Sijasahau."

Jumanne, 26 Novemba

Joto la kuyeyusha gundi. Nilivaa shati la harusi ya binamu. Nilikuwa na hotuba, sikatai. Ilikuwa na shukrani, mzaha mmoja kuhusu plastiki, na mwisho wa kusisimua.

Nikakaa. Nikasema, "Bi Raquel, leo ni ya mwisho, na nataka kusema..."

Ukafunga.

Miezi minane haujawahi kufunga mle ndani. Si mara moja. Nilimweleza, nilimchorea, nilimwigizia, lakini wenyewe haukuwahi kuja. Sasa umekuja, umekaa juu ya goti langu, ngumi kubwa ya kipumbavu kwenye suruali iliyopigwa pasi. Nikaunyanyua aone.

Bi Raquel akainama mbele. Akautazama muda mrefu.

"Kumbe ndio huu," akasema.

"Ndio huu. Mwenyewe."

"Nilikuwa nauwaza mdogo zaidi."

Tukacheka, halafu hatukucheka. Hotuba yote ilikuwa imenitoka kichwani. Nikamwambia naogopa. Kwamba Jumanne ijayo saa kumi sijui nitaiweka wapi. Kwamba nilitaka kuondoka hapa nikiwa nimepona ili nimwonyeshe mama, na mjomba, na mtu mmoja aliyeko Comodoro. Akasikiliza. Kisha akauliza, "Umebadilisha mawazo kuhusu fomu?"

Nikautazama mkono. Haukuwa na chochote cha kuniambia. "Hapana," nikasema. "Naondoka nao hivi hivi."

"Haya, Dardo."

Safari hii hakuna aliyekata. Tulisimama pamoja. Akanibusu shavuni kama kila Jumanne, ndivyo tunavyoagana hapa kwetu, nikatoka na ngumi yangu. Pale mapokezi Yamila akanigeuzia daftari la wanaoondoka nitie sahihi, akaona mkono, akanihamishia kalamu kushoto bila kuuliza. Sahihi imetoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Yamila akaipulizia wino ukauke. "Inasomeka," akasema.

Jumatatu, 2 Desemba

Mjomba yuko hospitali, amepasuliwa salama. Ujumbe wake wa kwanza baada ya dawa ya usingizi: "Mikanda ya kile kiti kipana, vuta zaidi." Nimefungua saa mbili kamili. Nimefunga jioni. Mimi.

Jumanne, 3 Desemba

Saa kumi jioni. Nilikuwa nimepanga kuwa na shughuli nyingi saa hiyo, na bahati nzuri akaingia mteja: mwanamke wa makamo, miwani yenye mnyororo, mchambuzi, kochi lake la wagonjwa limezama katikati. Akakaa akafungua kitabu cha sampuli. Nami nikarudi kwenye kiti changu, misumari mdomoni, nyundo mkononi, macho yake mgongoni.

Ukafunga.

Nikatema misumari, nikaweka nyundo chini kwa mkono wa kushoto.

"Vipi, kijana? Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Mkono wangu huwa unajifunga. Dakika saba hivi, kisha unafunguka, tunaendelea."

Akafunga kitabu cha sampuli kidole kikiwa ndani. Akavua miwani, akaegemea mbele, akalaza kichwa upande kidogo, na sauti yake ikawa laini kama sponji jipya. "Ahaa," akasema. "Na hili lilianza lini?"

"Mama," nikamwambia, "wewe chagua kitambaa."